Moshi ukiisha, kazi bado: makaa ya mawe kwenye majiko ya shule za Tabora

Simama mbele ya jiko la briketi za makaa ya mawe, yaani makaa yaliyosagwa yakagandishwa vipande, lililokwisha kushika vizuri. Juu ya kaa jekundu kuna vimiali vya buluu vinavyochezacheza. Moshi hakuna, macho hayawashi. Mpishi aliyelelewa na kuni za misitu ya miombo atasema hapa sasa ndipo penye usafi. Vile vimiali vya buluu ni kaboni monoksidi inayoungua. Teremsha juu yake sufuria ya lita 100 yenye maji ya baridi, uikaribishe mno na kaa, na vitazimika palepale. Gesi haijaacha kutoka. Imeacha kuungua tu, na sasa inamfikia mpishi bila rangi wala harufu.

Tunaandika haya kwa sababu swali limeshafika jikoni: je, makaa ya mawe yanaweza kuwa nishati safi ya kupikia shuleni? Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa wa miti, na Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwisho wake. Gesi ya mtungi ni nzuri, umeme ni mzuri, lakini shule ya bweni huko Sikonge au Kaliua inaangalia bei ya mwezi mzima. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linatengeneza mkaa mbadala wa makaa ya mawe uitwao Rafiki Briquettes, na mafundi wadogo nao wanajaribu wa kwao. Makaa ya mawe nchini yapo: Kiwira, Ngaka kule Mbinga, Namwele karibu na Sumbawanga. Barabara ya Sumbawanga hadi Tabora kupitia Mpanda na Koga imeifanya safari ya lori kuwa jambo la kupanga, si la kuomba Mungu.

Kosa kubwa tunaloliona katika mazungumzo ya mkaa huu ni kupima usafi kwa macho. Moshi ni uchafu mmoja kati ya minne. Mwingine ni salfa, wa tatu ni ile kaboni monoksidi, wa nne ni sumu zinazobaki kwenye majivu. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya mmoja wakati mwingine huuzidisha mwingine.

Tuanze na moshi. Makaa ya mawe mabichi yakipashwa kuanzia nyuzi 350 hivi huanza kutoa gesi na lami. Hiyo lami isipoungua ndiyo moshi mzito wa rangi ya kahawia, na ndani yake mna kemikali zinazosababisha saratani. Wilaya ya Xuanwei, mkoa wa Yunnan nchini China, ilijulikana duniani kwa saratani ya mapafu ya wanawake ambao hawakuwahi kuvuta sigara. Walipikia makaa yenye moshi kwenye mashimo ya moto yasiyo na bomba. Kaya zilizohamia majiko yenye bomba la moshi zilifuatiliwa kwa miaka mingi, na hatari ya saratani hiyo ikaonekana kupungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likashauri makaa ya mawe yasiyosindikwa yasitumike kabisa majumbani. Kwa hiyo atakayekuuzia makaa mabichi yaliyosagwa, yakagandishwa kwa uji na kukaushwa juani, akayaita safi, amebadilisha umbo tu.

Kusindika maana yake ni kuyaoka bila hewa. Kazi hii ni ya zamani: Thomas Parker wa Uingereza aliianza mwanzoni mwa karne ya 20, akioka makaa kwa joto la chini kupata nishati isiyo na moshi, na baada ya London kufunikwa na moshi wa mauti Desemba 1952, Sheria ya Hewa Safi ya 1956 iliulazimisha mji kuhamia nishati za namna hiyo. Kanuni haijabadilika. Vipande vya sentimita 1 hadi 4, chombo kilichofungwa, joto la nyuzi 600 hadi 650, na gesi inayotoka irudishwe kwa bomba kwenye tanuru iungue huko.

Karakana nyingi huanza na pipa la lita 200 ndani ya tanuru la tofali za kuchoma. Linafanya kazi, lakini lina magonjwa matatu. La kwanza, bati la pipa ni jembamba; kwa nyuzi 650 linababuka magamba na kutoboka baada ya kuchoma mara chache. Chombo cha kudumu ni cha bamba la milimita 5 au 6. La pili, makaa hayapitishi joto vizuri, kwa hiyo ukingoni yanaiva na katikati yanabaki mabichi. Ukilifungua ukakuta kiini cheusi kinachong'aa huku pembeni kukiwa na rangi ya kijivu isiyong'aa, usichanganye: kiini hicho ndicho kitakachotoa moshi jikoni na kukuharibia jina. Bomba la sentimita 10 lililotobolewa matundu, likasimamishwa katikati ya pipa, husaidia gesi moto kupita na kupunguza kiini. La tatu ni lami. Bomba la kurudishia gesi likiwa jembamba au refu, lami hupoa humo ikaganda, likaziba, na shinikizo likapanda. Lisipungue sentimita 5 kwa upana, liwe fupi, lielekee chini upande wa moto, na lifunikwe ili lisipoe.

Mwisho wa kuoka unaonekana kwenye ncha ya bomba hilo. Mwali mrefu wa njano unafupika, unageuka buluu, kisha unakatikakatika. Hapo funga kila tundu kwa udongo uache pipa lipoe hadi kesho. Kulifungua likiwa jekundu ni kuingiza hewa kwenye gesi moto, na hilo hulipuka. Kumwagia maji ni vibaya zaidi, kwa sababu mvuke ukigusana na kaboni nyekundu huzaa hidrojeni na kaboni monoksidi. Hata zile chenga, yaani makaa yaliyookwa, zikishapoa zisirundikwe mara moja. Kaboni iliyotoka tu pipani hunyonya oksijeni na kujipasha yenyewe; zitandaze unene usiozidi sentimita 30, uziache siku nzima kabla ya kujaza magunia.

Usizioke hadi zikauke kabisa gesi yake. Kaa lililobaki na asilimia 8 hadi 10 ya gesi hushika moto kwa urahisi, na moshi wake ni mdogo. Lililobaki na asilimia 2 litamtesa mpishi saa nzima kulipuliza, naye atalitupia plastiki ili liwake.

Hapa ndipo penye hesabu ambayo wengi huiruka. Chukua kilo 100 za makaa yenye majivu asilimia 18. Baada ya kuoka unabaki na kilo 76 hivi. Majivu hayakwenda popote. Ni zilezile kilo 18, ila sasa ni karibu asilimia 24 ya mzigo. Kwa hiyo makaa yaliyoonekana ya wastani mgodini yanaweza kukupa briketi inayojifunika majivu na kuzimika kabla maharage hayajaiva. Omba cheti cha maabara kabla ya kulipia lori, usome vitu vinne: unyevu, gesi, majivu na salfa. Tungekataa makaa yoyote yenye majivu zaidi ya asilimia 20 kwa kazi ya jikoni, hata yauzwe nusu bei.

Salfa. Sehemu yake hutoka wakati wa kuoka ikiwa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ni sumu kali, na ikizidi pua huacha kuinusa, kwa hiyo kutoweka kwa harufu si dalili ya usalama. Ndiyo maana pipa la kuokea lisikae karibu na nyumba za watu. Salfa inayobaki itaungua jikoni iwe salfa dioksidi, ile inayokwaruza koo. Kila gramu 10 za salfa huzaa gramu 20 za gesi hiyo. Dawa ni chokaa, ileile ya mfuko inayopakwa ukutani, ikiwa ni chokaa halisi iliyozimwa na si unga mweupe wa kuongezea uzito.

Kwa kilo 100 za chenga zilizookwa, zikapita chekeche la milimita 3, zenye salfa ya asilimia 1, kipimo ni hiki: chokaa kilo 4.5, unga wa muhogo kilo 5, maji lita 30 hivi. Chokaa changanya kavu na chenga kwanza, ugeuze kwa beleshi hadi weupe upotee. Unga koroga kwenye lita 5 za maji baridi, kisha mimina kwenye lita 20 zinazochemka na uendelee kukoroga hadi uji ubadilike kutoka mweupe kuwa wa kung'aa kama gundi. Uji usioiva haushiki. Maji yaliyobaki ongeza kidogo kidogo: ukifumbata konzi, ishikane bila kuchuruzika vidoleni.

Ile kilo 4.5 haikuokotwa. Sehemu 32 za salfa kwa uzito hufungwa na sehemu 74 za chokaa iliyozimwa. Kilo 1 ya salfa inahitaji kilo 2.3, nasi tunaweka mara mbili kwa sababu si kila punje ya chokaa itakutana na salfa. Hata hivyo usitegemee ifunge zaidi ya nusu. Chokaa hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 800 hadi 900, na kiini cha kaa jikoni hupita hapo. Kikizidi, salfa iliyofungwa huachiwa tena. Mitambo mikubwa inayochoma makaa yakielea kwenye mchanga hushikilia nyuzi 850 kwa makusudi haya haya. Na ukidhani kuongeza chokaa hadi kilo 10 kutakuponya, utaona chokaa inayeyusha mchanga uliomo ndani ya majivu, na asubuhi mpishi atakuta mabonge magumu kama kioo yamekaba wavu.

Udongo wa mfinyanzi tunaukataa moja kwa moja kama gundi, ingawa ni bure. Unaongeza majivu, na kuna udongo wenye floraidi nyingi. Katika mkoa wa Guizhou, China, watu waliokausha mahindi na pilipili juu ya moto wa makaa ya mawe ndani ya nyumba walipata meno ya kahawia na mifupa iliyopinda, na udongo uliochanganywa na makaa ulionekana kuchangia floraidi hiyo. Chumvi nayo isiingie. Hula wavu wa chuma.

Kukausha Tabora ni rahisi kuanzia Mei hadi Oktoba: siku 3 hadi 5 juu ya vichanja, si chini kwenye udongo. Msimu wa mvua ukianza Novemba, briketi yenye uji wa muhogo hunyonya unyevu na kuota ukungu, na iliyolowa humeguka. Jenga kibanda cha nailoni chenye upenyo juu na chini. Kupima ukavu, pima uzito leo na kesho, usipobadilika, imekauka. Kupima ugumu, angusha briketi kutoka urefu wa mita 2 kwenye sakafu ya saruji mara tatu. Ikibaki kipande kikubwa chenye tisa ya kumi ya uzito wake, itafika Urambo salama kwenye lori.

Sasa jiko, mahali ambapo briketi nzuri huharibiwa. Kilo 1 ya kaboni inahitaji kilo 11.5 za hewa ili iungue yote. Dar es Salaam hizo ni takriban mita za ujazo 10. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na kilo zilezile zinahitaji zaidi ya mita za ujazo 11. Jiko lililochorwa pwani likaletwa hapa bila kubadilishwa linakosa pumzi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kigoma, chini kidogo kando ya ziwa, upungufu ni mdogo lakini upo. Fundi wa kuchomelea apanue mlango wa hewa wa chini kwa kiasi hicho, aweke na kifuniko cha kutelezesha ili mpishi apunguze anapotaka.

Hewa ya chini peke yake haitoshi. Kaboni ikiungua hadi mwisho, kila kilo hutoa joto la megajuli 33 hivi. Ikiishia kaboni monoksidi hutoa 9 tu. Tanda la kaa likiwa nene, kaboni dioksidi iliyozaliwa chini hupita kwenye kaa jekundu juu na kugeuka monoksidi tena. Kwa hiyo tanda lisizidi sentimita 12 hadi 15, na juu yake ukutani kuwe na mstari wa matundu ya hewa ya pili, milimita 10 kila moja, yanayopitia ukuta wa moto ili hewa ifike imeshapashwa. Hewa baridi huua vimiali vya buluu sawasawa na sufuria baridi. Kati ya kaa na kitako cha sufuria acha sentimita 10 walau. Mpishi atalalamika kwamba sufuria iko mbali na moto. Mwonyeshe saa, maji yanachemka mapema zaidi kwa sababu sasa gesi yote inaungua.

Kuwasha ni kutokea juu. Briketi chini, juu yake vipande vya kuni kavu na konzi ya pumba au karatasi, kiberiti juu kabisa. Moto unashuka polepole, na gesi inayotoka chini inalazimika kupita kwenye moto. Afrika Kusini waliieneza njia hii kwenye vitongoji vinavyotumia makaa ya mawe kwa jina la Kizulu, Basa njengo Magogo, yaani washa kama bibi. Msomaji wa Kiswahili asidhani ni magogo ya mti. Moshi ulipungua kwa zaidi ya nusu bila mtu kununua kifaa chochote, na sisi hatujui maboresho mengine yenye gharama ndogo namna hiyo.

Bomba la moshi si hiari. Kwa jiko linalotumia kilo 5 za briketi kwa saa, bomba la sentimita 15 kwa upana na mita 4 kwa kimo linatosha, mdomo wake upite kilele cha paa. Gesi ikipanda ikiwa na nyuzi 200, bomba hilo linavuta kwa paskali 15 hivi. Ikipoa hadi nyuzi 100 mvuto unabaki 8, na moshi unarudi jikoni. Kwa hiyo lipitishe ndani ya jengo kadiri iwezekanavyo, kona zisizidi moja. Bati la kuezekea halifai: mvuke wa salfa ukipoa kwenye kuta zake hugeuka asidi na kulitoboa, hasa kwenye vipande vya juu. Tumia bamba nene au jenga kwa tofali, na acha mlango wa kusafishia chini.

Bomba likiwepo bado weka king'ora cha kaboni monoksidi cha betri, kimo cha uso wa mpishi, mita 2 au 3 kutoka kwenye jiko. Mpishi akipata kichwa kizito na kichefuchefu jikoni, akitoka nje kikatulia, si malaria. Zima, fungua, tafuta kilichoziba. Na mlinzi asipelekewe kaa la usiku kwenye kibanda chake, hata kuwe na baridi ya Julai namna gani.

Majivu yana jambo lake hapa kwetu. Ya kuni tumezoea kuyahifadhia mahindi na maharage, kusugulia sufuria, kumwaga bustanini, hata kuyachuja kupata maji ya kulainishia mlenda. Ya makaa ya mawe yasifanyiwe hata kimoja kati ya hayo. Humo mna aseniki na metali nyingine kwa viwango vinavyotofautiana kila mgodi, na haviozi. Chimba shimo mbali na kisima, mahali maji ya mvua hayatuami, weka alama. Kwa sababu hiyo hiyo wenzetu wa Kibirizi na Katonga, kule Kigoma, wasikubali kubanika samaki wao, migebuka wala kuhe, juu ya briketi hizi. Samaki wa moto hula kila kinachotoka kwenye kaa.

Kuhusu mafuta ya makaa ya mawe, tunaulizwa mara kwa mara. Yanawezekana: Franz Fischer na Hans Tropsch waligundua njia yao Ujerumani katika miaka ya 1920, na Sasol ya Afrika Kusini ilianza kuzalisha Sasolburg mwaka 1955. Ni kiwanda cha gharama kubwa mno, kinachokunywa maji mengi na kutoa kaboni dioksidi nyingi kuliko mafuta ya kawaida. Si jambo la Tabora. Hata briketi yetu, kila kilo ya kaboni iliyomo hutoa kilo 3.7 za kaboni dioksidi, na shule yenye uwezo wa gesi au umeme ichukue hivyo bila kuangalia nyuma.

Pale tunapoona makaa ya mawe yana nafasi ya kweli mkoani ni kwenye mabani, yaani majengo ya kukaushia, ya tumbaku ya mvuke, yanayomeza miombo kila msimu. Zimbabwe wametumia makaa ya Hwange kwa kazi hiyo miaka mingi. Moshi unapita ndani ya mabomba, haugusi jani, na tanuru liko nje, mbali na pua za watu. Sharti ni mabomba yawe mazima, kwa sababu gesi ya tanuru ikivuja huchafua jani na kuongeza kemikali za saratani ndani yake. Kabla ya msimu, ingia banini usiku, funga mlango, taa zote zizimwe, na mwenzako apitishe taa yenye mwanga mkali ndani ya mabomba kutoka mdomo wa tanuru hadi kwenye kona. Ukiona mwanga mahali, weka alama kwa chokaa. Tundu la msumari huzibwa kwa kuchomelea. Bomba lenye matundu matatu kwenye mita moja ling'olewe, maana bamba lake limeshakwisha.